Ile Amana ya Marehemu

Jumatano, tarehe kumi na moja Mei 1966. Mvua tangu alfajiri, ikipiga mabati ya jirani hata adhana haikusikika vizuri. Saa nne ikanyamaza, jua likachungulia, kisha ikaanza upya.

Ndivyo nilivyoandika katika daftari langu siku ile, na chini yake pana mstari mmoja tu: "Imekuja barua ya mjomba. Msiba." Hilo neno msiba nililikata baadaye kwa wino mwingine, lakini bado lasomeka. Nalieleza jambo hili kwa kutegemea daftari na kumbukumbu, na vyote viwili ni vyangu mwenyewe, basi nisihesabiwe kuwa nimeleta mashahidi wawili. Elimu yangu ni ya chuoni mpaka nikahitimu Kurani, na miaka minne ya shule ya wasichana. Zaidi ya hapo ni kushona kofia na kusikiliza watu wakizungumza. Kama nimemkosea mtu humu, sikukusudia.

Tulikuwa watatu nyumbani: mama, mume wangu, na mimi. Mume wangu alikuwa karani bandarini Kilindini, kazi yake kuhesabu makasha. Nyumba yenyewe, ile ya ghorofa nyuma ya Ngome, ilikuwa ya babu mzaa mama, na alipokufa aliiacha kwa watoto wake wawili, mama na ndugu yake mdogo, yaani mjomba wangu. Kwa sheria ya mirathi fungu la mjomba ni kubwa kuliko la mama, na hati zilikuwa kwake Malindi, alikohamia zamani akaoa huko. Sisi tulikaa ndani kwa heshima na mapenzi yake. Hakuwahi kutukumbusha jambo hilo. Lakini mama alikuwa akilikumbuka kila mvua ikivuja.

Barua ililetwa na kondakta wa basi la Malindi, imelowa pembeni. Mama aliipokea, akaigeuzageuza, akafikicha macho, akanipa.

"Nisomee mwanangu. Mato yangu leo hayana kazi."

Hapa lazima niseme kidogo juu ya maandishi yetu. Wazee wetu, na mimi kwa kufundishwa nao, tuliandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ni hati nzuri, ina mkono mwepesi, lakini haikushonwa kwa kipimo cha ulimi wetu. Alama ya "u" ndiyo hiyo hiyo ya "o". Alama ya "i" ndiyo ya "e". Ile be yenye nokta moja chini hubeba b, na p, na mb. Nasikia kuna walimu walioongeza alama zao ili kuzitenga sauti hizi. Sisi kwetu hatukuwa nazo. Basi "bibi" na "pipi" na "pembe" kwa mkono wa mama ni neno moja. Msomaji hulitazama, akaangalia lililo mbele na lililo nyuma, akajua lipi.

Mara nyingi hujua. Nilipokuwa mdogo, marehemu baba, aliyekuwa akichonga vipini vya visu, alituma kikaratasi kutoka karakanani: "Leteni pembe." Siku hiyo bibi alikuwa amekuja kututembelea, na nyumba nzima ilikuwa bibi huku, bibi kule. Mama akasoma: "Leteni bibi." Akaona lingepaswa kuwa "mleteni", akasema baba ana haraka, ameiruka herufi. Bibi wa watu akajifunga buibui, adhuhuri na jua lake, akaenda akaketi juu ya vumbi la mbao akauliza, "Haya, nimekuja. Mwanitakia nini?" Baba alikuwa mtu wa heshima. Alimpa maji, akazungumza naye saa nzima, wala hakuitaja pembe.

Tulikuwa tukikicheka kisa hicho kila Idi. Wala hakikunifunza kitu.

Barua ya mjomba nimeihifadhi, na hii ndiyo, kama nilivyomsomea mama siku ile:

"Kwa dada yangu mpenzi. Baada ya salamu, sisi huku wazima, hofu ni juu yenu mlio mbali na mboni za macho yetu. Nakuarifu kwamba baada ya kufikiri sana nimekata shauri kuiuza ile amana ya marehemu. Nimeiweka muda mrefu, na kila mwaka moyo hukataa, lakini umri unakwenda, isije ikaharibika mikononi mwangu. Mtu amepatikana, yuko hapo hapo Mombasa, ametuma watu wake nasi tumesikizana. Nataka mambo yaishe ndani ya Mfungo Sita. Tafadhali ghorofa ya juu iwe tupu, vyombo viondoshwe, maana watu watakuja. Mengine tukionana."

Nimejiuliza mara nyingi kama nilisita pale penye "kuiuza". Ningependa kusema nilisita. Daftari halisemi, na nikiwa mkweli, sidhani. Neno lilikuja kinywani mwangu limekwisha kupikwa.

Sababu ni hii. Alhamisi iliyotangulia alikuja mtu mwenye nguo za kaki, na futi ya kukunjua, akapima ukuta wetu wa nje na upana wa mlango, akaandika katika kijitabu, akaondoka bila ya kutoa hata salamu. Tangu siku hiyo mume wangu alikuwa akisema, "Mtu hapimi ukuta wa mwenzake bure." Nasi tulikuwa tukimwambia anyamaze, na huku tunasikia.

Mama hakulia. Alikaa juu ya kitanda cha kamba, akapapasa ukuta kama apapasavyo mtu mnyama wake.

"Amana ya baba," alisema. "Asema iko mikononi mwake. Yeye yuko Malindi, ukuta huu umo mikononi mwa nani?"

Kwetu neno marehemu, likitajwa peke yake, lilikuwa babu. Baba yangu tulimwita "marehemu baba". Babu alikuwa Marehemu tu, kama kwamba hakuna aliyekufa duniani ila yeye.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nikamsomea tena. Yeye hati ile haijui; alisoma kwa herufi za Kizungu tu. Aliiangalia barua kama mtu aangaliaye chungu kilichofunikwa.

"Una hakika ndivyo ilivyoandikwa?"

"Nina hakika."

"Maana hati yenu hiyo ni kama pilau. Kila mtu hutoa nyama aitakayo."

"Haya, isome wewe basi."

Akanirudishia. Nataka aandikiwe haki yake: yeye peke yake katika sisi watatu ndiye aliyeuliza swali lile, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Usiku huo huo mama aliniambia nilete kalamu. Alisema, nami nikaandika:

"Ndugu yangu. Barua yako imefika na imetuvunja moyo. Ile amana si yako peke yako. Mimi pia nina haki ndani yake, na wewe wajua ni mikono gani iliyoitunza miaka uliyokuwa hujiwezi kwa huzuni. Kuiuza bila ya kunishauri si uungwana. Na huyo mtu simjui. Asitie mguu mlangoni kwangu mpaka uje wewe mwenyewe, uniambie mbele ya uso wangu."

Mama alimaliza hapo. Mimi niliongeza mstari mmoja bila ya kumwambia: "Mama hali wala halali." Ulikuwa uongo. Alikuwa amekula, akaongeza, na dakika chache baadaye alikuwa akikoroma. Niliona barua imekosa machozi, nikayatia mimi. Asubuhi nikampa kondakta.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa nzito. Mama alikataza vitu vya juu visiguswe. "Atakayeitaka ghorofa tupu, aje aviondoshe mwenyewe." Mume wangu, bila ya kutuaga, alikwenda Makadara kuulizia vyumba vya kupanga, akarudi amelowa mpaka magotini. Nilimkasirikia, nikamwambia anamzika mtu ambaye bado apumua. Yeye akanijibu taratibu kwamba mtu mwenye mke na mkwe hawezi kungoja kutupwa nje ndipo atafute pa kulala. Alikuwa na haki. Daftari langu lasema "amenikera", lakini alikuwa na haki.

Jumamosi, baada ya alasiri, tukasikia mlangoni:

"Hodi! Hodi jamani, hata kama mumekasirika!"

Ilikuwa sauti ya mjomba. Mama alikuwa ameapa hatamfungulia, lakini alipoisikia sauti alikuwa wa kwanza kunyanyuka, akijifunga leso. Mjomba aliingia amelowa, kofia mkononi. Nikamwamkia na kumbusu mkono. Hakuketi.

"Dada, nimekosa. Nipige ukitaka, lakini usininunie."

"Sikununii," mama alisema. "Nakutazama tu, nione umegeuka nini."

"Furaha ilinizidi, nikasahau adabu."

"Furaha!" Mama alitugeukia. "Mwamsikia? Na furaha juu yake!"

"Si jambo la kheri, dada?"

"La kheri kwako. Sisi twende wapi?"

"Mwende wapi tena? Mtakuwa papa hapa. Nyinyi ndio wenyeji, nyinyi ndio mtakaowapokea watu."

"Nimpokee mimi! Labda nimpikie na chai!"

"Chai haitoshi, dada. Patakuwa na biriani."

Mume wangu, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, akaona sasa imekuwa zamu ya wanaume.

"Mjomba, kwa heshima yako. Yule bwana alikuja kupima hapa bila ya kutoa hata salamu."

"Kupima? Kupima nini?"

"Ukuta. Na upana wa mlango. Na futi yake mkononi."

Mjomba alimtazama mume wangu, akamtazama mama, kisha mlango.

"Bwana arusi alikuja kupima mlango? Kwani yeye ni mpana kiasi gani?"

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye kanzu yake hadi sakafuni.

"Bwana arusi gani?" mama aliuliza.

"Wa binti yangu, dada. Nimekuandikia. Nimekwambia namuoza."

Namuoza. Alilisema kwa mdomo, na mdomo hauna shida hiyo. O ilitoka duara na nzito, hata mtoto asingeichanganya na nyingine. Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia chumbani, nakunjua godoro naitafuta barua.

Niliifungua pale pale. Wino ule ule, nokta zile zile. "Nimekata shauri kuioza ile amana ya marehemu." Marehemu, kwa mtu wa Malindi aliyefiwa na mke, ni mke wake. Amana ni binti aliyeachiwa. Mjomba hakumtaja binti kwa jina kwa sababu barua yapita mikononi mwa kondakta na nani ajuaye nani, na watu wa rika lake hawatembezi majina ya mabinti zao barabarani. "Umri unakwenda." Umri wa nani? Nilijiuliza sasa, Jumamosi. Jumatano nilikuwa nimeliruka neno hilo kama mtu arukavyo dimbwi, bila ya kulitazama. Nyumba ina umri gani wa kwenda?

Na jambo lililonishangaza zaidi, ambalo mpaka leo sijui kulieleza: nilijaribu makusudi kuisoma barua kama nilivyoisoma mara ya kwanza, isikubali. "Kuiuza" ilikuwa imeondoka kwenye karatasi. Nilikaza macho nikasoma "kuioza", nikaanza tena, "kuioza".

Mtu ataniuliza vipi tusimfikirie binti huyo, na hali mama yake alipokufa alikaa na sisi miaka mitatu, akilala na mama kitanda kimoja. Ni swali la haki. Sina jibu ila kwamba kwetu alikuwa bado na miaka tisa. Tulimwacha pale alipopandia basi kurudi kwa baba yake, na hatukumkuza.

"Hebu nami nitoe yangu," alisema mjomba, akatoa barua yetu mfukoni, imekunjwa mara nne. Akaanza kusoma kwa sauti, na niliposikia jinsi anavyoisoma, nilishika ukuta.

"Ile amana si yako peke yako. Mimi pia nina haki ndani yake, na wewe wajua ni mikono gani iliyoitunza miaka uliyokuwa hujiwezi kwa huzuni." Hapo aliinua macho. "Kweli, dada. Ni mikono yako. Ulimsuka nywele, ukampeleka chuoni. Kuioza bila ya kunishauri si uungwana. Kweli tena. Shangazi ndiye wa kuulizwa kwanza. Nilisoma haya mbele ya binti yangu mwenyewe, akaniambia, baba, panda basi leo."

Mama alikuwa amekaa kitako. Yale maneno ya ghadhabu, aliyoyapanga moja moja kama mawe ya kumtupia mtu, yalikuwa yamefika Malindi yakiwa mapenzi, na hakuna hata herufi moja iliyobadilika njiani.

"Ndivyo nilivyosema," mama alijibu. "Ndivyo hasa nilivyosema."

Mume wangu akakohoa. Nilimkanyaga mguu.

"Na hii je, ya kwamba huli wala hulali?"

"Nani hali?"

Hapo nikakiri. Nilisema ni mimi niliyeuandika mstari ule, na kwamba mama alikuwa amekula vizuri. Nilitazamia kukemewa. Mjomba alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia, akasema, "Mwanangu, mstari huo ndio ulionipandisha basi. Haya mengine ningeyajibu kwa barua." Sijui kama hilo lanipunguzia kosa. Nimeliandika kama lilivyosemwa.

Ndipo mama alipomwambia ukweli: kwamba tuliisoma barua yake tukadhani anaiuza nyumba. Alimwambia yote, mpaka habari ya vyumba vya Makadara. Mjomba aliacha kucheka. Aliketi, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Mwaka jana alikuja mtu kuniuliza," alisema. "Kweli alikuja. Nikamwambia dada yangu amo ndani. Akasema, dada hutolewa. Nikamfungulia mlango akatoka yeye. Sikukwambia kwa sababu sikuona kuwa ni habari."

"Kwangu ingekuwa habari," mama alisema.

"Sasa naona."

Naye mtu wa futi, nimtendee haki naye pia. Mume wangu aliuliza majirani jioni hiyo, akaambiwa milango yote ya kichochoro chetu imepimwa. Yataka kutengenezwa mitaro ya maji. Alikuwa mkosefu wa salamu tu.

Mume wangu aliona wakati umefika wa kutoa fatuwa yake. "Dawa yake ni moja. Andikianeni kwa herufi za Kizungu. O ni o, u ni u. Hapana bibi kwenda karakanani."

"Lete karatasi," mjomba alisema. Akaniambia niandike kwa herufi hizo za Kizungu neno moja: kaa. Akampa mume wangu. "Isome, karani."

"Kaa."

"Yupi? Wa pwani mwenye magando, au la moto jikoni, au nakwambia uketi?"

"Hilo neno moja halitoshi, mjomba. Mpaka nione limekaa wapi."

"Ehe," mjomba alisema, akamrudishia karatasi.

Mama hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akimtazama ndugu yake.

"Niandikieni," alisema. "Si kwamba sikuamini. Lakini niandikieni, niwe nalo."

Nikakaa chini, mjomba akasema maneno, nami nikayaandika mara mbili kwenye karatasi moja, juu kwa hati yetu na chini kwa herufi za Kizungu: kwamba nyumba hii ya Mombasa haiuzwi wakati dada yangu yu hai, na wanangu nimewausia hivyo. Akatia mkono wake. Mume wangu akatia wake, ushahidi. Mama alikichukua kikaratasi, akakileta karibu na macho yake, akasoma ile ya juu kidogo kidogo, midomo ikicheza.

"Na akija mpumbavu akasoma kwamba nyumba haiozwi?" mjomba alimtania.

"Atakuwa amesoma sawa," mama alisema. "Wewe umepata kuona nyumba ikipelekwa arusini?"

Kisha akaanza kuuliza aliyokuwa na haki ya kuyauliza tangu mwanzo: kijana ni wa nani, ana kazi gani, binti mwenyewe amesema nini, na nani atakayemtia hina. Mjomba alijibu moja moja, kama mwanafunzi. Mume wangu na mimi tulipanda juu tukaanza kuvitoa vyombo, kwa sababu watu watakuja, na Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, haukuwa mbali.

Mvua ilikatika saa moja. Wali uliungua chini kwa sababu hakuna aliyekuwa jikoni. Tulikula ule wa juu, na samaki changu wa kukaanga, na kachumbari ya ndimu na pilipili; ukoko mjomba aliuomba yeye, akautafuna kavu.